Robo mwaka au nusu mwaka: bei ya hisa hujua nini, na hujua lini?

Kila ifikapo Novemba, kurasa za magazeti yetu hujaa majedwali ya benki: amana, mikopo, mikopo isiyolipika, faida kabla ya kodi, yote ya miezi 9 hadi Septemba. Mwenye hisa za KCB au Equity anasoma mpaka macho yanachoka. Jirani yake mwenye hisa za TPS Eastern Africa, kampuni yenye hoteli ya Serena pale Shanzu, hana cha kusoma. Hesabu za nusu mwaka aliziona Agosti, na nyingine hatazipata mpaka za mwaka mzima zitoke, mwaka ujao.

Wote wawili wanauza na kununua katika Soko la Hisa la Nairobi. Je, bei ya hisa ya benki inajua mambo zaidi kuliko bei ya hisa ya hoteli, kwa kuwa benki husema mara 4 kwa mwaka na hoteli mara 2? Wengi hujibu ndiyo papo hapo. Mimi naona kwamba kuongeza taarifa hubadilisha zaidi nani anajua na anajua lini, kuliko wingi wa yale yanayojulikana. Na kuna mahali taarifa ikiongezwa, bei hupotea njia.

Kwanza tofauti yenyewe imetoka wapi. Kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huitaka kampuni iliyo sokoni itoe hesabu za mwaka zilizokaguliwa, na hesabu za nusu mwaka ndani ya siku 60 baada ya miezi 6 kwisha. Benki zina mwenye nyumba wa pili, Benki Kuu ya Kenya, nayo inadai hesabu kila robo mwaka. Benki Kuu haikuwa ikimfikiria mwenye hisa. Ilikuwa ikimfikiria mwenye amana, mtu wa Kongowea aliyeweka mauzo yake ya wiki na anayetaka kujua kama benki ingali imesimama. Mwenye hisa amedandia tu safari ya mwingine.

Sasa, tunaposema bei "inajua", tunasema nini? Bei ya hisa ni makisio ya watu wengi juu ya fedha ambazo kampuni itazalisha siku za usoni. Bei yenye habari nyingi ndani yake ni ile inayoanza kusogea kabla faida haijasogea. Watafiti hulipima jambo hili kwa njia mbili kuu. Huchukua bei za leo wakatazama kama zilitabiri faida ya mwaka ujao na wa baada yake. Au hutazama kama hisa fulani inapanda na kushuka kwa sababu zake yenyewe, ama inafuata soko zima linakokwenda. Njia hii ya pili nina mashaka nayo kwa soko letu. Hisa ambayo haikununuliwa hata moja kutwa nzima nayo hailifuati soko, na hilo si kwa sababu inajua lolote.

Mwaka 1968, Ray Ball na Philip Brown walichapisha utafiti ambao watu wa uhasibu wanaurudia mpaka leo. Walilinganisha faida za mwaka za kampuni za Marekani na mwendo wa bei zake katika miezi ya kabla ya kutangazwa. Waliona kwamba sehemu kubwa ya habari iliyomo kwenye hesabu ya mwaka, kama asilimia 85 hadi 90, ilikuwa imekwisha kuingia kwenye bei kabla hesabu yenyewe haijatoka. Hesabu ya mwaka ilifika soko likiwa limeshakula na kunawa.

Habari hiyo ilipitia wapi? Nyingine ilipitia ripoti za katikati ya mwaka. Nyingine hupitia macho ya watu, na hapa mtu wa Mombasa ana macho mazuri kuliko anavyodhani. Anayepeleka changu na pweza kwenye jiko la hoteli anajua oda ya wiki hii ni kilo ngapi na ya wiki iliyopita ilikuwa kilo ngapi. Dereva wa tuktuk anayengoja wageni getini anajua kama msimu wa kaskazi umeanza vizuri. Anayekaa karibu na kiwanda cha saruji Bamburi huona malori yanayotoka. Takwimu za makasha yanayopita Kilindini hutolewa na Halmashauri ya Bandari na yeyote anaweza kuzisoma. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuhesabu malori barabarani kisha akampigia dalali wake wa hisa. Sheria inamkataza mhasibu wa ndani kumnong'oneza shemeji yake.

Lakini ujuzi wa muuza pweza hauingii kwenye bei kwa kuwa tu yeye anajua. Lazima mtu anunue au auze kwa kuutegemea. Wanauchumi Sanford Grossman na Joseph Stiglitz waliweka kitendawili hiki wazi mwaka 1980: bei ikiwa tayari inajua kila kitu, hakuna atakayetumia muda na fedha kutafuta habari, na kama hakuna anayetafuta, bei itajuaje? Kwa hiyo lazima kibaki kijinafasi cha ujinga kwenye bei ili mtafutaji apate ujira wake. Kila mjadala wa robo mwaka na nusu mwaka, ukiuchimba, unaishia kwenye ukubwa wa kijinafasi hicho na nani anakifaidi.

Tuseme kampuni iliyokuwa ikitoa hesabu mara 2 inaanza kutoa mara 4. Mtu aliyekuwa akilipa vijana wahesabu malori alikuwa na miezi mingi ya kimya ya kuvuna alichokijua. Sasa ana wiki kadhaa tu kabla kampuni haijasema yenyewe. Baadhi yao wataona hailipi, wataacha. Wakiacha, tunapoteza pia yale waliyokuwa wakiyaona ambayo hayamo kwenye vitabu vya hesabu kabisa: kwamba meneja mzuri ameondoka, kwamba mshindani anajenga ng'ambo ya pili ya barabara. Hapa taarifa za wazi zimefukuza utafiti wa kibinafsi.

Upande wa pili una nguvu zake. Kimya kikifikisha miezi mitano, mtu wa kawaida huogopa kununua kwa sababu anajiuliza: huyu anayeniuzia anajua nini nisichokijua? Hofu hiyo hutanua tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na wengine huacha soko kabisa. Kampuni ikisema mara kwa mara, hofu inapungua na wanunuzi wanaongezeka. Hata mtafiti anafaidi, maana anapata mtu wa kufanya naye biashara. Renhui Fu, Arthur Kraft na Huai Zhang, katika utafiti wao wa 2012 juu ya kampuni za Marekani za 1951 hadi 1973, waliona kwamba kampuni zilizotoa hesabu mara nyingi zaidi zilikuwa na pengo dogo la habari kati ya wawekezaji, na zilipata mtaji wa wanahisa kwa gharama ndogo zaidi. Hilo si dogo, hasa kwa soko lenye wanunuzi wachache kama letu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hesabu ya miezi 3 ni kipande safi cha hesabu ya mwaka. Sivyo, na Pwani ndipo pa kuliona hili. Chukua hoteli ya kubuni ya ufuoni. Januari hadi Machi inapata faida ya shilingi milioni 90. Aprili hadi Juni, masika yakipiga na wageni wakiwa wachache, inapata hasara ya milioni 60. Julai hadi Septemba faida ya milioni 50, na Oktoba hadi Desemba milioni 80. Mwaka mzima ni milioni 160. Anayesoma nusu mwaka anaona 30 kisha 130. Anayesoma robo mwaka anaona 90, kisha hasara ya 60, kisha 50, kisha 80.

Hasara ile ya milioni 60 si habari. Kila mwenye hoteli Pwani anaitarajia kama anavyotarajia mvua. Habari ni tofauti yake na mwaka uliotangulia. Tuseme mwaka uliotangulia hasara ya miezi hiyo ilikuwa milioni 40. Je, mambo yameharibika kwa milioni 20? Huenda milioni 15 kati yake ni ukarabati wa paa na bwawa la kuogelea, kazi inayofanywa Mei kwa sababu vyumba viko tupu. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za katikati ya mwaka, IAS 34, hakiruhusu hoteli igawe gharama hiyo ya matengenezo kidogo kidogo kwa mwaka mzima ili robo zipendeze. Inaandikwa pale ilipotumika. Kwa hiyo kilichobaki cha kweli ni milioni 5, na cha kukionyesha hakuna ila maelezo madogo chini ya jedwali, yakiwapo.

Kisha kuna kalenda. Mwaka 2024 Jumapili ya Pasaka iliangukia Machi 31, hivyo sehemu kubwa ya wikendi ile ndefu ya watu wa Nairobi kuteremka Pwani iliingia robo ya kwanza. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa Aprili 20, yote ndani ya robo ya pili. Idd-ul-Fitr nayo ilikwenda kinyume: Aprili 10 mwaka 2024, na mwisho wa Machi mwaka 2025. Anayelinganisha robo kwa robo ataona kupanda na kushuka ambako hakukuletwa na meneja wala na soko, kumeletwa na mwezi kuandama. Hesabu ya nusu mwaka inazimeza sikukuu zote mbili na mwaka unalingana na mwaka. Kwa biashara ya msimu, miezi 6 inaweza kumwambia msomaji mengi kuliko miezi 3 mara mbili. Mchambuzi makini atalichambua hilo. Mwenye simu mkononi aliyeona kichwa cha habari "Hasara yaongezeka kwa asilimia 50" atauza kwanza. Bei itasogea, na biashara itaongezeka, lakini ujuzi hautakuwa umeongezeka.

Ami yangu wa Kibokoni ana hisa za Safaricom alizonunua kwa shilingi 5 mwaka 2008. Alikaa nazo zilipoteremka chini ya shilingi 3, na anazo mpaka leo. Hasomi ripoti yoyote, hungoja gawio. Mtu kama yeye anategemea bei inayosahihishwa na wengine, kwa hiyo kwake robo mwaka ni faida ikiwaleta wasomaji makini, na ni hasara ikiwaleta wenye pupa.

Kuna pia tabia ya wakuu wa kampuni. John Graham, Campbell Harvey na Shiva Rajgopal waliwahoji wakuu wa fedha zaidi ya 400 wa Marekani, na mwaka 2005 wakachapisha jibu ambalo lingepaswa kuwaaibisha: asilimia 78 walikubali kwamba wangeitoa kafara thamani ya kampuni ili faida ionekane laini bila mabonde. Arthur Kraft, Rahul Vashishtha na Mohan Venkatachalam walirudi nyuma mpaka miaka ambayo Marekani ilikuwa ikiongeza taarifa, kutoka mara moja kwa mwaka chini ya sheria ya 1934, hadi nusu mwaka mwaka 1955, na robo mwaka mwaka 1970. Utafiti wao wa 2018 ulionyesha kwamba kampuni zilizotakiwa kutoa hesabu mara nyingi zaidi zilipunguza uwekezaji wa muda mrefu. Hapo kitendawili kinageuka: bei inaijua kampuni mapema zaidi, lakini kampuni yenyewe si ile tena.

Katika mjadala huu watu huchanganya mambo mawili. Mwekezaji Warren Buffett na Jamie Dimon, mkuu wa benki ya JPMorgan, walipoandika Juni 2018 dhidi ya mtindo wa robo mwaka, walipinga kampuni kutabiri hadharani faida ya robo ijayo kisha kujiumiza ili utabiri utimie. Hawakupinga kutoa hesabu za robo iliyopita. Donald Trump ndiye aliyetaka hesabu zenyewe zirudi kuwa za nusu mwaka. Alilitoa wazo hilo 2018 na kulirudia Septemba 2025.

Uingereza ilifanya jaribio ambalo halikukusudiwa kuwa jaribio. Mwaka 2007 ilianza kudai taarifa fupi katikati ya zile za nusu mwaka, na Novemba 2014 ikaacha kudai. Suresh Nallareddy, Robert Pozen na Shiva Rajgopal walitazama pande zote mbili. Uwekezaji wa kampuni haukupungua sharti lilipowekwa wala haukuongezeka lilipoondolewa. Hadi mwisho wa 2015 chini ya asilimia 10 ya kampuni zilikuwa zimeacha, na zilizoacha zilipungukiwa na wachambuzi wa kuzifuatilia. Wengine husema matokeo haya yanaupinga ule utafiti wa Kraft na wenzake wa 2018. Mimi sioni hivyo. Taarifa ya Uingereza iliweza kuwa maneno tu bila hesabu kamili, na mtu hatetemeki kwa kuandika aya tatu kama anavyotetemeka kwa kuandika faida kwa tarakimu.

Utafiti ninaouona wa maana zaidi kwetu ni wa Marty Butler, Arthur Kraft na Ira Weiss, wa 2007. Waliuliza kama bei za Marekani zilijua faida mapema zaidi baada ya kampuni kuhama kutoka nusu mwaka hadi robo mwaka. Kwa zilizohama kwa hiari yao, ndiyo. Kwa zilizosukumwa na sheria, tofauti ilikuwa ndogo sana. Sababu yake haishangazi. Kampuni inayojitolea kusema kwa kawaida ina wasomaji wanaongoja na ina mengine inayoyasema kati ya ripoti. Inayosukumwa hujaza fomu.

Na fomu iliyojazwa inaweza kuwa ya uongo. Imperial Bank, iliyofungwa na Benki Kuu Oktoba 2015, ilikuwa chini ya sharti lilelile la robo mwaka kama benki nyingine, na ulaghai ulikuwa ukiendelea ndani yake kwa miaka. Chase Bank, ambayo hatifungani yake ilikuwa sokoni, ilitoa hesabu za 2015 kisha ikazirekebisha siku chache baadaye, na takwimu za mikopo ya watu wa ndani zikabadilika. Wenye amana wakakimbilia fedha zao, na Aprili 7, 2016 benki ikawekwa chini ya mrasimu. Mara 4 kwa mwaka haikuwasaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa katika ukweli wa kila moja ya hizo 4.

Singapore imefika mahali ambapo ningependa Nairobi patazame. Ilianza kudai robo mwaka 2003. Mwaka 2020 iliondoa sharti hilo kwa kampuni nyingi, ikalibakiza kwa zile ambazo mkaguzi wa hesabu ametoa maoni yenye dosari juu yake, au ametilia shaka uwezo wake wa kuendelea na biashara. Nahodha aliye kwenye kilindi hana haja ya kutupa bildi, ile timazi ya kupimia kina cha maji, kila dakika. Akikaribia miamba anaitupa bila kupumzika.

Kwa soko letu nina neno jingine kabisa. Kampuni nyingi za Nairobi zina hisa ambazo hazibadilishi mikono kwa wingi, na kwa hisa za namna hiyo ripoti mpya inaweza kukaa siku kadhaa bila bei kuijibu. Habari kubwa zaidi pia hazingoji robo. Oktoba 2018, Rubis ya Ufaransa ilipotangaza kutaka kuinunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilichunguza ununuzi mzito wa hisa uliofanyika kabla tu ya tangazo. Habari iliingia kwenye bei mapema, kweli, lakini kupitia mlango wa nyuma, na hesabu za robo mwaka zisingeizuia. Kinachozuia ni sharti la kutangaza jambo kubwa mara linapotokea, pamoja na adhabu inayouma.

Tunalo tayari sharti la aina hiyo kwa upande wa faida: kampuni inayoona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kulinganisha na mwaka uliopita lazima ionye umma. Onyo hilo, kwa maoni yangu, lina habari zaidi kuliko jedwali zima la robo mwaka. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huja mwaka ukiwa umekaribia kwisha au umekwisha, wakati muuza pweza alishajua tangu Julai. Ningependelea lije mapema, na hoteli zitangaze kila mwezi idadi ya vyumba vilivyolala watu, takwimu moja isiyohitaji mkaguzi, kuliko kuzilazimisha zitoe hesabu kamili za Aprili hadi Juni ambazo kila mtu ataziogopa bure.

Kwa aliye na hisa za hoteli leo, kiwango kile cha IAS 34 kina kipengele kimoja cha kumfaa. Kampuni yenye biashara ya msimu mkali inahimizwa kuonyesha, kando ya nusu mwaka, hesabu za miezi 12 iliyoishia Juni. Miezi 12 hiyo ina masika moja, Pasaka moja na Desemba moja, kila mwaka. Inahimizwa tu, hailazimishwi, kwa hiyo hesabu za Agosti zikitoka bila safu hiyo, mwenye hisa ana haki ya kuiulizia kwenye mkutano mkuu wa mwaka.